Meli Tuliyoijulia Kisii

Nilikuwa fundi wa nguo kwenye baraza ya duka moja la vitambaa mjini Kisii, na mwenye duka alikuwa bibi Mhindi ambaye mji mzima ulimwita Ba. Kwao, kwa Kigujarati, ba ni mama. Kwetu Wagusii mama huitwa baba, na baba huitwa tata, kwa hiyo mimi sikuona ugumu wowote. Mwisho wa juma nilikwenda nyumbani Sironga nikamwita mama yangu Baba, Jumatatu nikarudi mjini nikamwita mwenye duka Ba, na ulimi haukuhisi kwamba umehama.

Hii ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Ba alikuwa amepita umri wa miaka sabini, mumewe ameshafariki, na duka liliendeshwa na mwanawe mkubwa pamoja na mkewe. Yeye mwenyewe alikaa nyuma ya kaunta kwenye kiti cha mbao, akiwatania wanawake wa sokoni kwa Ekegusii cha zamani, kile ambacho hata sisi tuliozaliwa nacho tulikuwa tumeanza kukisahau.

Mwanawe mdogo aliishi Uingereza. Yeye ndiye aliyempigia mama yake simu na kumwambia kwamba amemlipia safari ya meli ya watalii, kutoka Mombasa hadi Bombay, pamoja na mtu mmoja wa kumsindikiza. Huyo wa kumsindikiza alikuwa awe mke wa mwana mkubwa. Lakini mke huyo hakuiweza safari hata ya gari. Akipanda gari la Nakuru, kabla ya kufika Keroka alikuwa ameshatapika. Alimwambia mkwewe kwa heshima kwamba atampikia maisha yake yote, ila baharini asimpeleke.

Ba akanigeukia mimi. Nilikuwa nimepiga magoti nikiweka pini kwenye pindo la sare ya shule.

"Wewe ukipanda gari unatapika?"

"Hapana, Ba."

"Basi tutakwenda sisi."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Wiki iliyofuata mwanawe mkubwa alinipeleka Nairobi kutafuta pasipoti, na nikiwa kwenye foleni ile ndipo nilipoelewa kwamba hakuna mzaha.

Baadaye ilifika bahasha kubwa kutoka Uingereza. Ndani yake mlikuwa na kijitabu cha picha za rangi, kaseti ya video, na ramani ya meli iliyokunjwa mara nyingi. Tulisubiri duka lifungwe, tukaitandaza ramani ile juu ya meza yangu ya kukatia nguo. Ilifunika meza yote, na pembe moja ikaning'inia.

Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo Ba hakuisoma, kwa hiyo nilisoma mimi na kumweleza. Nilianzia chini nikapanda. Kila sitaha ilichorwa peke yake, kama mtu aliyeikata nyumba ya ghorofa vipande vipande na kuvilaza kimoja kando ya kingine. Majengo marefu ya Kisii wakati huo yalikuwa ya ghorofa tatu au nne, na tuliyaonyesha wageni. Chombo hiki kilikuwa na sitaha zaidi ya kumi.

"Hapa ni hospitali," nikasema. "Ina chumba cha kupasulia watu."

"Daktari yumo?"

"Wamo wawili. Hapa ni mahali pa kufulia nguo. Hapa wanaoka mikate. Hapa ni saluni. Hapa wameandika sinema."

"Sinema ndani ya meli."

"Na ukumbi mwingine wa maonyesho, wenye viti vya ghorofa mbili. Na maktaba. Huku juu kuna bwawa la kuogelea. Hapana, ni mabwawa matatu."

Nikatazama tena. Sikuwa nimewahi kuona bahari. Maji makubwa niliyoyajua ni ya ziwa, niliyoyaona nilipokwenda Kendu Bay kwenye mazishi. Sasa nikajaribu kuwaza maji yaliyobebwa juu ya maji, na watu ndani yake wakiogelea huku wao wenyewe wanabebwa kwenda Bombay. Nilihisi kizunguzungu, ilhali nimesimama kwenye sakafu ya saruji.

Ba aliuliza jambo moja tu usiku ule ambalo sikulitegemea. "Maji ya kunywa wanatoa wapi?"

Nilitafuta katika kijitabu. "Wanasema meli inayatengeneza yenyewe. Inavuta maji ya bahari na kuyatoa chumvi."

Aliweka kiganja chake juu ya ramani, pale nilipomwonyesha, akakiacha hapo. "Sisi tulikuwa tunapimiwa kwa kikombe," akasema. Nilijua kwamba aliletwa Kenya kwa meli akiwa msichana mdogo, lakini hakuwahi kunisimulia. Sikumuuliza.

Kuanzia hapo ramani haikurudi kwenye bahasha. Kila jioni tuliisoma kama watu wanaojifunza mtaa wanaohamia. Ba aliniuliza maswali kwa kunitega. Ukitoka chumbani kwetu ukitaka chai, unapita wapi? Moto ukiwaka, ngazi iko mkono gani? Mwanzoni nilipotea sana. Baadaye niliweza kufumba macho nikatoka chumbani, nikapita lifti, nikapanda hadi maktaba, nikashuka kwa ngazi ya nyuma hadi ukumbi wa kulia, bila kuinuka kwenye stuli ya cherehani.

Jambo lililotushinda ni urefu. Kijitabu kiliutaja kwa mita, na sisi tuliijua mita vizuri kwa sababu ndiyo kazi yetu, lakini mita nyingi kiasi kile hazikuwa na maana yoyote kichwani. Ba akasema, "Urefu ukiusikia tu hauingii. Lazima tuupime."

Mwanawe alituletea bunda la kamba ya katani. Tuliipima kwenye kaunta, mita baada ya mita, hadi ikafika urefu wa meli, tukaikata. Jumapili asubuhi, maduka mengi yakiwa yamefungwa, Ba alisimama mlangoni chini ya mwavuli wake ameshika ncha moja, nami nikachukua bunda nikaanza kuteremka na barabara, kamba ikifunguka nyuma yangu.

Nilipita benki. Nikapita duka la dawa, nikapita hoteli ya chai na mandazi ambayo haikufungwa siku yoyote. Mzee mmoja aliyeuza ndizi kando ya barabara aliinuka aliponiona.

"Mnapima barabara?" akaniuliza. "Serikali inataka kuipanua?"

Nyuma yake watu wa hoteli walishatoka nje kusikiliza, kwa sababu habari ya kupanua barabara ilikuwa habari ya kubomolewa vibanda.

"Hapana, mzee. Napima meli."

Alitazama juu ya barabara, akatazama chini. "Iko wapi?"

"Hii kamba ndiyo meli. Pale kwa Ba ni nyuma yake. Mbele yake sijafika bado."

Hakucheka. Aliacha ndizi zake zikilindwa na mwenye hoteli, akatembea nami. Kona ilipofika, Ba hakuonekana tena nyuma yetu, na bunda lilikuwa bado limejaa mkononi. Tuliendelea mpaka karibu na lango la hospitali, na hapo kamba ikaisha. Yule mzee alisimama akageuka, akayatazama majengo yote tuliyoyapita, kwa zamu, kama mtu anayehesabu ng'ombe wake.

"Na yote haya yanaelea?"

"Yanaelea."

"Na watu ndani?"

"Na watu, na vitanda vyao, na sinema."

Alivua kofia yake, akaishika kifuani kidogo, kisha akaivaa. "Mungu amewapa watu akili," akasema kwa sauti ya chini, akarudi kwa ndizi zake. Mimi nilibaki pale na ncha ya kamba. Kwa mara ya kwanza niliiamini meli ile. Niliogopa pia, na hofu hiyo ilikuwa na utamu ndani yake.

Kaseti ya video tuliitazama sebuleni kwa Ba, juu ya duka. Mara ya kwanza umeme ulipotea meli ikiwa ndiyo kwanza inatokea kwenye kioo, tukakaa gizani na wajukuu wake wakinung'unika. Siku mbili baadaye umeme ukatulia, na tukaiona yote. Tuliona meza zimepangwa glasi nne nne kwa kila mtu. Tuliona ndege aliyechongwa kwa barafu akiwa katikati ya matunda. Tuliona mtu akivuta kiti chake juani, bahari nyuma yake haina mwisho, na yeye anasoma gazeti kana kwamba yuko kwake. Huyo ndiye aliyenishangaza kupita wote. Nilimwambia Ba nitahitaji kujifunza kula kwa uma na visu vingi vile.

"Wewe jifunze ukitaka," akasema. "Mimi nitanawa mikono."

Nyumbani Sironga habari ilifika kabla sijaipeleka. Mama yangu alikuwa mjane aliyeishi kwa majani chai yake na ndizi, na hakuwa mtu wa kelele. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sitaki uende mahali ambapo hakuna udongo." Nilipomrudishia Ba jibu hilo, hakukasirika. Aliniambia nimwambie mama kwamba atakuja mwenyewe.

Tulikwenda kwa pikapu ya duka. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ya kushukia kwetu ilikuwa tope tupu, lakini Ba alivua viatu, akapandisha sari yake, akashuka akishikilia bega langu. Mama alikuwa amejua kwamba mgeni hali nyama. Alikuwa amepika chinsaga kwa maziwa, ile mboga yetu chungu ambayo watu wa nje huisukuma pembeni ya sahani, na ugali wa wimbi. Ba alinawa, akamega, akala, akaomba aongezwe. Niliona mabega ya mama yakishuka kidogo.

Baada ya chakula Ba alitoa ramani kwenye mfuko wake, tukaitandaza juu ya mkeka. Waliongea Ekegusii wao wawili, nami nikawa wa kuonyesha kwa kidole tu.

"Choo kiko wapi?" mama akauliza.

"Kila chumba kina chake."

"Na uchafu unakwenda wapi?"

Ba alinitazama. Nikasema meli ina mitambo ya kuusafisha. Mama aliguna, akaendelea. Sisi tulikuwa watu wa Sabato, kwa hiyo swali lililofuata nililijua. "Siku ya Sabato meli inasimama?"

"Haisimami," Ba akasema. "Lakini chumba cha kuombea kipo. Atakaa humo siku nzima, na mimi sitamtuma kitu."

Mama alipapasa ukingo wa ramani. Kisha akauliza kile ambacho nadhani kilikuwa moyoni tangu mwanzo. "Mtu akifa humo, mnamzika wapi?"

Nilitaka kujibu kwa haraka kwamba hospitali ipo, madaktari wawili, chumba cha kupasulia. Ba alinizuia kwa mkono.

"Siku hizi wanamhifadhi mpaka bandarini," akasema. "Zamani walimtia majini. Tulipokuja huku mimi nikiwa mtoto, tulilala kwenye sitaha, hapakuwa na chumba. Mdogo wangu wa kiume alikuwa bado ananyonya. Alishikwa na homa. Walimfunga kwenye kitambaa cheupe wakamshusha baharini asubuhi, na meli haikusimama. Mama yangu aliendelea kugeuka nyuma kutazama mahali penyewe, lakini baharini hakuna mahali. Yote yanafanana."

Mvua ilianza tena kwenye mabati. Mama hakusema pole mara moja, kama watu wanavyosema. Aliuliza, "Mlimwimbia?"

"Mama aliimba."

"Na wewe hujawahi kurudi."

"Sijawahi. Mwanangu anadhani amenipa matembezi. Sijamwambia."

Mama aliikunja ile ramani taratibu, kwa mikunjo yake yenyewe, akampa Ba. Kisha akanigeukia mimi. "Nenda naye. Mtu hapaswi kurudi mahali kama hapo peke yake."

Njia nzima ya kurudi mjini nilimwaza yule mtoto. Nilikuwa nimefanya kazi barazani kwake miaka mingi, nikajua anapenda chai ya namna gani na rangi gani za kitambaa zinamuudhi, na jambo hilo kubwa sikuwa nalijua. Niseme hapa hapa kwamba alilotaka kumfanyia mdogo wake alilitimiza. Asubuhi moja tukiwa katikati ya bahari, pande zote maji, alishika ukingo wa sitaha akamwaga maziwa kidogo kutoka kwenye glasi ya chai, akaimba kwa sauti ambayo upepo uliichukua kabla sijaisikia vizuri. Nilimshika kiuno asianguke. Alipomaliza alinipa glasi, tukaenda kula.

Lakini nimetangulia. Tulifika Mombasa kwa basi na treni, na siku ya safari tuliambiwa kwamba tunaweza kupanda mapema, kabla ya saa ya kuondoka, ili tuizoee meli. Tulipokaribia gati nilitafuta meli sikuiona. Niliona ukuta mweupe wenye madirisha, nikadhani ni jengo la bandari. Ba ndiye aliyenyoosha kidole juu. Nilirudisha kichwa nyuma, nikakirudisha zaidi, hadi kilemba changu kikaanguka. Ile kamba yetu ya katani ilikuwa imenifundisha urefu. Hakuna aliyekuwa amenifundisha kimo.

Ndani, baridi ya mitambo ilitupokea, na harufu ya nta na maua. Kijana wa kazi mwenye glavu nyeupe alitaka kutuonyesha chumba, lakini miguu yangu ilishajua. Nilimwambia Ba, "Lifti ni mkono wa kushoto," na ikawa mkono wa kushoto. Nilimwambia, "Tukitoka, ngazi ya nyuma iko mbele yetu," na ikawa mbele yetu. Nilijihisi kama niliyeota ndoto kwa wiki nyingi na sasa nimeamka ndani yake. Kwenye lifti yenyewe nilishika ukuta. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuipanda, na tumbo lilibaki chini kidogo kabla ya kutufuata.

Tulizunguka alasiri yote. Kwenye ukumbi wa maonyesho hapakuwa na mtu, ila mfanyakazi mmoja aliyefuta viti. Pazia la jukwaani lilikuwa la velveti nyekundu iliyoiva, limeshuka kutoka dari hadi sakafu. Sisi wawili, watu wa vitambaa, tulilifuata bila kuambiana. Ba alisugua ukingo wake kati ya vidole.

"Nani alishona hii?" akauliza.

"Sijui, Ba. Cherehani yangu isingeweza."

"Hata mikono kumi isingeweza." Alitazama juu lilikoanzia, na midomo yake ikasogea kana kwamba anajumlisha, kisha akaacha.

Maktaba ilikuwa kimya, vitabu vimezuiwa na ubao mwembamba visidondoke bahari ikichafuka. Niligusa ubao ule. Kwenye ramani haukuwepo, na ndio ulioniambia kuliko kitu kingine kwamba kweli tutakuwa majini. Juu kabisa tuliyakuta mabwawa. Maji yake ya buluu yalikuwa yanacheza polepole, huku na huku, ingawa hakuna aliyeogelea na meli ilikuwa imefungwa kwenye gati. Ba alikaa kwenye kiti, akavua viatu, akatumbukiza miguu. Mzungu mmoja mnene aliyelala karibu alimtabasamia, naye akamtabasamia.

"Hii ndiyo bahari ninayoipenda," akaniambia. "Ina ngazi."

Baadaye kengele ililia na wote tukaitwa kufundishwa namna ya kujiokoa. Ba alivalishwa jaketi la rangi ya machungwa juu ya sari, likamfika mashavuni. Tulisimama chini ya mashua zetu zilizoning'inia, kila moja kubwa kama kanisa letu la Sironga, tukasikiliza afisa akieleza. Ba alisikiliza kuliko mtu yeyote. Afisa alipomaliza alimwomba, kupitia kwangu, arudie pale alipoeleza kuhusu watoto wachanga, mashua gani, nani anawabeba. Yule afisa alirudia yote kwa uvumilivu. Ba aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akafungua kamba za jaketi.

Jua lilikuwa bado juu tulipotoka kwenda kwenye ukingo wa sitaha. Watu walijaa wakipunga mikono kwa walio chini. Mimi sikuwa na wa kumpungia, nikashika chuma nikasubiri mtikisiko, nikidhani meli kubwa hivyo itaondoka kwa kishindo. Niliangalia kijana mmoja kule gatini aliyekuwa akikunja kamba nene. Alikuwa mbele yangu kabisa. Nilipomtazama tena alikuwa kushoto kidogo, nikadhani amesogea. Kisha nikaona kwamba ghala lililo nyuma yake nalo limesogea, na winchi, na minazi. Maji yalikuwa yametokea kati yetu na gati, utepe mwembamba wa kijani uliokuwa ukipanuka bila sauti.

"Ba," nikasema, "nchi inaondoka."

Alinishika mkono wa juu, karibu na kiwiko, kama anavyoshika kitambaa kizuri, na tukasimama hivyo mpaka watu wa gatini walipokuwa wadogo mno kutambulika.